Mwenye Hasira Hasuki Maziwa

Jirani yangu amerudi kutoka hospitali mikono mitupu, na wanawake wa ploti hii wameshaanza kupita mlangoni pake kwa kunyata, utadhani ndani kumefungwa mbwa mkali. Wiki iliyopita bombani nilimsikia mmoja akisema tumwache apumzike, tusimkumbushe. Tusimkumbushe! Mwanamke maziwa yanamvuja kifuani, dera limelowa asubuhi na jioni, halafu wewe na ndoo yako ndiye utakayemkumbusha? Nilijitwika maji yangu nikaondoka kabla sijasema neno la kunifanya nihame Kiembeni.

Niliingia ndani nikatua ndoo. Mdogo alikuwa mgongoni, mkubwa anauliza soksi zake ziko wapi, na mimi badala ya kumjibu nikapanda kiti, nikashusha kutoka juu ya kabati lile kopo la peremende. Mnayajua makopo hayo. Ya plastiki, mapana, mfuniko mwekundu, yale yanayokaa madukani yamejaa peremende za kuuzwa mojamoja. Nikalifungua nikatia pua. Tangu Hawe afe limeoshwa kwa sabuni, kwa majivu, kwa maji ya ndimu, na bado harufu imo: malai yaliyochachuka, na nyuma yake, kwa mbali kabisa, iliki. Nilikaa sakafuni na mtoto mgongoni. Soksi zikatafutwa na mwenyewe.

Hawe ni bibi. Sisi Wagiriama ndivyo tunavyomwita. Alipokufa, ndugu walikaa wakagawana vitu vyake: kitanda, masufuria, leso za sandukuni ambazo hazijawahi kuvaliwa. Mimi nikaomba kopo. Binamu yangu alicheka hadi akashika ukuta. "Umesoma mpaka fomu foo uje urithi kopo la plastiki?" Nikamwambia ndiyo, na yeye achukue kabati, mchwa wake wamo ndani wanamsubiri.

Kwenye simu yangu kuna mwanamke wa kucha ndefu anayefundisha watu kutengeneza siagi nyumbani. Kwanza, anasema, chukua mashine yako. Mashine yangu ipi? Nikishachukua mashine nichukue na friji yangu, halafu nichukue krimu yangu ya boksi. Nakuambia wewe wa rika langu, uliyekulia chai ya maziwa na mkate wa jana: siagi imo katika malai, ule utando unaouvua kwa kidole na kuupaka ukingoni mwa kikombe. Unaitupa kila asubuhi. Hawe hakuitupa, na kifaa chake cha gharama kubwa ndicho hiki nilichokipakata.

Alikuwa na kibanda cha chai Mtopanga, kando ya njia ya vumbi, mbele ya nyumba yake ya makuti. Wateja wake walikuwa mafundi ujenzi na wasukuma mikokoteni, watu wa sauti kubwa na njaa ya mapema. Maziwa aliyachemsha jioni katika sufuria pana, akayafunika kwa kawa yasiingie vumbi, na kufikia asubuhi yameshika malai manene ya rangi ya manjano, yamekunjamana kama ngozi ya kiwiko. Mengi aliyaengua. Machache yaliponyoka yakaingia vikombeni, na hapo ndipo kelele zilipoanza.

"Hawe, niondolee hili blanketi. Nimekuja kunywa chai, sikuja kulala."

"Lete kikombe. Mwanamume mzima unaogopa blanketi, mkeo anakufunikaje?"

Wengine walicheka hadi chai ikawapalia. Yeye akaengua lile blanketi kwa kijiko, bila haraka, akalitia ndani ya kopo. Ndani mlikuwa na kijiko cha mtindi wa mara iliyopita, wa kuchachusha. Kopo lilikaa ndani ya beseni la mchanga mbichi chini ya mtungi wa udongo, pale matone ya mtungi yalipodondokea, mahali pa baridi kuliko pote katika nyumba ile. Sisi watoto tulikatazwa hata kulitazama sana.

Nilikuwa naishi hapo na mama yangu. Baba alifanya kazi jikoni kwenye hoteli moja Shanzu, akalala hukohuko, akaja siku za mapumziko na vipakiti vidogo vya siagi vilivyofungwa kwa karatasi ya dhahabu, vyote vimeshayeyukia mfukoni. Nililamba ile karatasi nikiamini matajiri hula dhahabu. Siagi ya Hawe haikufungwa kwa kitu, kwa hiyo niliihesabu kuwa ya maskini. Ndiyo akili niliyokuwa nayo.

Kisha mama akaondoka. Tumbo lake nilikuwa nimeliona, lakini kwetu tumbo halitajwi. Ukilitaja unaliita jicho la watu. Nyumba nzima ilikwepa tumbo lile kama watu wanavyokwepa dimbwi njiani, na mimi nikajifunza kukwepa nao. Asubuhi moja alipandishwa kwenye gari la jirani, na mfuko wa nguo. Nilipouliza anakwenda wapi nikaambiwa anakwenda kupumzika.

"Kwani hapa hapumziki?"

"Dama, acha maswali," akasema Hawe.

Siku zikapita. Mapumziko gani hayana mwisho? Nilikuwa na hasira hata sikuweza kula. Nilipiga teke kuku. Niliwanunia wateja, nikaweka vikombe mezani kwa kishindo hadi fundi mmoja akauliza kama mjukuu ameolewa akaachwa. Mwishowe Hawe aliniita.

"Dama!"

"Abee, Hawe."

Alinionyesha chupa ya kioo juu ya rafu, imejaa samli kidogo kupita nusu. Siagi iliyotoka kwenye kopo aliiyeyusha kwa moto mdogo, akatupia iliki, akaichuja, akaimimina humo. "Unaiona? Hii si ya kuuza, wala si ya kupaka mkate. Ni ya mama yako. Ikijaa, atakuwa amefika, na ataila hapahapa."

Mama alikuwa amelazwa hospitali, na Hawe alikuwa akihesabu miezi kichwani. Kwetu, na kwa majirani zetu Waislamu vilevile, mwanamke akijifungua hunyweshwa uji wa pilipili manga wenye samli, akakandwa kwa maji moto mpaka arobaini ipite. Chupa ile ilikuwa ya uzazi. Lakini hilo halikutajwa, maana ukitaja samli ya uzazi umetaja tumbo. Mimi nilisikia nilichoambiwa: chupa ikijaa, mama anarudi. Niliona ni mapatano. Kuna mtu mahali fulani amemshika mama yangu, naye anataka chupa ijae.

Kuanzia siku hiyo nilitaka kusuka. Mwajua kusuka maziwa ni kulitikisa kopo mbele nyuma, juu ya paja, mpaka mafuta yaachane na maji. Hawe alisuka alfajiri, kabla jua halijatoka kuharibu mambo, kopo amelizungushia leso iliyolowa. Kwanza mlio wake ni wa maji, chubwi, chubwi. Baadaye unazibika, kopo linakuwa zito na bubu, malai yamevimba yamegandama kila upande, na mtu asiyejua hukata tamaa hapohapo. Ukiendelea, ghafla linapiga pwaa! Ukuta wa kopo unasafika, na ndani kunaogelea madonge ya manjano katika mtindi mweupe. Kila mara nilipouona ule ukuta ukisafika nilihisi kama mtu amefungua mlango.

Nikamwomba anipe zamu. Alinipa. Nikatikisa nikimfikiria yule mtu aliyemshika mama, nikatikisa nimeuma meno. Hawe akanishika mkono.

"Weka chini. Mwenye hasira hasuki maziwa."

"Sina hasira!"

"Huna? Basi hilo pua linavutwa na nani?"

Alinipokonya, akamalizia mwenyewe. Sheria ile ilijulikana, hata kwao bara kwenye vibuyu na ng'ombe. Aliyegombana na mumewe hapewi kibuyu siku hiyo. Hakuna aliyeniambia kwa nini, kwa hiyo nikajitafutia mwenyewe: maziwa yanasikia. Ukiyasuka na hasira, hasira inaingia ndani, inakaa katika siagi kama chumvi. Nikaanza mazoezi ya kutabasamu. Nilikaa kando ya beseni na meno nje, nikingoja Hawe aone nimepona. Alinitazama akauliza kama jino linaniuma.

Hebu niseme hapa, kabla sijaendelea, kwamba hasira yangu haikuwa ugonjwa. Mtoto ameondolewa mama yake na anaambiwa asiulize. Asipokasirika huyo, nani akasirike?

Asubuhi moja simu ya Bi Mwanaidi ililia. Bi Mwanaidi alikuwa jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, mjane, mwenye ulimi kama wembe na simu pekee iliyokuwa na betri nzima. Alikuja nayo mbio, buibui hajalifunga. Hawe akasikiliza, akasema "Haya" na "Haya" na "Nakuja." Akajifunga leso ya pili. Uso wake ulikuwa umefungwa kama duka siku ya msiba.

"Bi Mwanaidi, malai yale yamefika. Yakingoja kesho yameoza. Nisukie."

"Mimi siagi najua kuila tu, dada yangu. Lakini nenda. Nenda na Mungu."

Hawe akaenda. Bi Mwanaidi aliwahudumia wateja waliobaki, akawafukuza wengine, akaingia jikoni kutafuta pa kuanzia. Jua lilikuwa limeshapanda. Mimi nilikuwa nimetazama rafuni: chupa ilibakisha shingo tu. Malai yale ya koponi, yakitoka siagi, yangeijaza. Nikalitoa kopo mchangani, nikaketi kizingitini juani, nikaanza.

Nilisuka kama anayepigana. Nilikuwa na hasira na Hawe aliyekwenda kwa mama akaniacha, na hasira na simu, na hasira na mama mwenyewe, Mungu anisamehe, kwa kupumzika kwake. Chubwi, chubwi, halafu povu. Povu tu, mpaka kwenye mfuniko, vuguvugu, linachuruzika mikononi. Kopo halikunyamaza wala halikupiga pwaa. Nikatikisa zaidi, povu likazidi. Nikaanza kulia, na kilio chenyewe kikanikasirisha.

"Wewe mtoto weye!" Bi Mwanaidi alikuwa amesimama mbele yangu na mwiko. "Kwani hilo kopo limekutukana?"

"Halitaki kutoka!"

"Litatokaje nawe walikaanga juani? Leta hapa. Wallahi hata mimi nisiyejua naona hili limepata homa."

Alilifukia kopo katika mchanga wa beseni, akamwagia maji ya mtungi kata baada ya kata. Akaninawisha na mikono. Tulikaa tukilitazama kama watu wanaongoja mgonjwa azinduke. Kisha akalizungushia leso yake mwenyewe, akailowesha, tukahamia kivulini chini ya mkilifi.

"Haya, suka."

"Sisuki. Nina hasira. Mwenye hasira hasuki."

Akalipachika kopo pajani pangu. "Nani amekwambia hasira yaisha kwa kuambiwa? Nuna, mwanangu. Lakini nuna polepole."

Nikanuna polepole. Mbele, nyuma, mbele, nyuma. Alipoona leso inakauka akamwagia maji. Kopo likawa zito, likawa bubu, nikataka kuacha, akaniambia nisiache. Kisha likapiga pwaa mikononi mwangu, na ukuta ukasafika.

Bi Mwanaidi alipiga kigelegele nusu, akakikata katikati, akatazama upande wa barabara. Sikuelewa kwa nini mtu akate kigelegele. Tulimwaga mtindi tukaunywa, tukaiosha siagi kwa maji ya mtungi mpaka maji yakatoka safi, tukaiyeyusha kwa moto wa chini. Samli ikapanda chupani hadi mdomoni. Imejaa. Nilikaa kizingitini nikingoja mama, na sikuona ajabu hata kidogo kwamba atakuja. Nilikuwa nimelipa.

Na alikuja kweli, siku ya pili yake, mchana, ameshikwa mkono na Hawe. Nilikimbia. Kisha nikapunguza mbio, maana nilimwona. Tumbo lililokuwapo halikuwapo, na mahali pake hapakuwa na kitu. Uso ulikuwa wa mama lakini yeye mwenyewe alikuwa kama hajafika. Alinishika kichwa, akapita.

Nikaelewa. Yaani, nilidhani nimeelewa. Nilijaza chupa kwa hasira, basi wamenirudishia mama nusu.

Sikumwambia mtu. Nilizunguka nyumba nikiikwepa ile rafu. Wanawake walikuja, wakavua viatu, wakakaa mkekani, wakazungumza juu ya mvua na bei ya mchele. Wanawake wazima! Mama ameketi mbele yao, leso imelowa kifuani, naye anaivuta ajifunike, na wao wanauliza kama mvua itafika Kaloleni. Aliyethubutu kusema neno alisema, "Usilie, dada, wewe bado kijana, utapata mwingine." Nina hasira na mwanamke yule hadi leo, na nikimwona sokoni namsalimu kwa sababu ya malezi tu.

Hawe alitoka jikoni na bakuli la uji wa pilipili manga, na chupa kwapani. Shangazi yangu, dada yake baba, akaiona.

"Hiyo samli si ungeiweka, mama?" alisema kwa upole, na nafikiri hakuwa na ubaya. "Hiyo ni ya mzazi. Akijaliwa mwingine itafaa."

Hawe hakuketi. Alifungua chupa akamimina, akamimina tena, mpaka samli ikatanda juu ya uji kama jua.

"Aliyezaa amezaa," akasema. "Mwili haukuambiwa kwamba mtoto hayuko. Tazama maziwa yanavyokuja. Nitamkanda, nitamlisha, nitamfunga tumbo, arobaini yake ataikaa yote. Na mtoto alikuwa wa kike. Alikuwa Kadzo."

 Kadzo ni jina la Hawe. Kwetu msichana wa pili hupewa jina la mama yake mama. Yule mtoto aliyekuwa akikwepwa alikuwa wajina wake, yeye mwenyewe aliyeanza upya, na kwa siku zote zile Hawe alikuwa amechemsha chai na kuwatania mafundi, na hakuna mtu aliyempa pole.

Mama aliinua bakuli kwa mikono miwili. Nikapiga ukelele.

"Usinywe! Mama, usinywe! Ina hasira yangu!"

Nilikuwa nimeruka katikati ya mkeka, nimeshika bakuli, uji unamwagikia vidole. Shangazi akanivuta gauni. Hawe akasema niachwe.

"Hasira yako imeingiaje humo?"

Nikasema yote kwa pumzi moja: mapatano ya chupa, na mtu aliyemshika mama, na povu, na jua, na kwamba nilisuka nikiwa na hasira ndiyo maana mama amerudi bila kitu. Bi Mwanaidi alikuwa mlangoni. Nilimwona akijiziba mdomo kwa ncha ya buibui.

Hawe akaketi sasa, chini kabisa, magoti yakalia. Alichukua mikono yangu akaitia kati ya mikono yake.

"Yasikie haya. Mikono yako ina joto, unaihisi? Mtu akikasirika damu inapanda, analibana kopo, anatikisa mbio, maziwa yanapata joto. Siagi haitaki joto. Inayeyuka humohumo, haishikani. Ndiyo sababu yote. Hakuna nyingine. Nilikwambia kwa mkato, kama tunavyowaambia watoto kila kitu, nikadhani nimekufundisha."

"Kwa hiyo Kadzo hakuondoka kwa kuniogopa?"

Nakumbuka nilivyosema jina lile. Nilikuwa wa kwanza kulisema baada ya Hawe, na nilipolisema mama yangu alitoa sauti, si kilio wala si kicheko, kama kopo linapoanza kuzibuka.

"Hakukujua, mwanangu," mama akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kuniambia kitu tangu arudi. "Angekujua angekupenda. Hasira haiui mtoto. Ingekuwa inaua, nyinyi nyote humu msingekuwapo."

Akanywa. Akanywa mpaka mwisho, akalamba ukingo. Kisha akaweka bakuli chini, akauliza, "Malai yapo?"

Yalikuwapo, kidogo, ya siku mbili. Wanawake wakatazamana. Wengine wakakumbuka kwamba wameacha vyungu motoni. Mama akalichukua kopo akaliweka pajani, akaanza kusuka, na hakuna aliyehitaji kuambiwa ana nini. Alisuka na machozi, alisuka na meno yameumana, mabega yakimcheza, leso imelowa, kopo linapiga kelele nyumba nzima. Nikamtazama Hawe, nikingoja aseme ile sheria yake.

Hakusema. Alinyanyuka akachota maji ya mtungi, akalowesha kitambaa, akakizungusha kwenye kopo na mikono ya mama pamoja. Kilipopata joto akakivua, akalowesha tena. Akanipa na mimi kata. Tulifanya hivyo, yeye kitambaa, mimi maji, mama hasira, mpaka kopo likanyamaza, na baada ya kunyamaza likapiga pwaa.

Donge lenyewe lilikuwa dogo kama yai la kuku wa kienyeji. Hawe alilitia chumvi akalipaka kwenye mkate, akaugawa mara nne, na kipande cha Bi Mwanaidi kimo. Sijawahi kula siagi kama ile. Vile vipakiti vya dhahabu vya baba sikuvililia tena.

Mama alikaa arobaini yake yote. Alikandwa, akafungwa tumbo, akanenepa, akaanza kuwajibu mafundi kuhusu blanketi. Leo yuko palepale Mtopanga anauza chai, ana sauti kuliko mimi. Mdogo wangu wa kiume alizaliwa baadaye, ndiyo, lakini hakuzaliwa badala ya mtu. Nyumbani kwetu ukiuliza mama ana watoto wangapi, Kadzo yumo.

Basi wiki hii yote nimeengua malai. Naomba na ya majirani, wananishangaa, wananipa. Friji sina. Nina beseni, mchanga niliouomba kwa fundi anayejenga huko nyuma, na mtungi wa udongo ambao binamu yangu naye aliucheka. Binti yangu mkubwa amekuwa akinisaidia kumwagia maji, na nimemfundisha ile sheria, na sababu yake pia nimemwambia, yote, kuhusu damu na joto. Sikutaka ajitafutie mwenyewe.

Leo alfajiri tulibisha hodi. Jirani alifungua mlango kidogo. Alinitazama mimi, akatazama bakuli la uji mkononi mwangu, na samli iliyotanda juu. Ilikuwa ya siagi ya mwanzo wa wiki.

"Shikamoo," binti yangu akamwamkia.

"Marahaba," akasema, na akairudia, nafikiri kwa kuwa hakuna aliyemwamkia tangu arudi.

"Nimekuletea uji wa uzazi," nikamwambia. "Umezaa. Alikuwa anaitwa nani?"

Nilijua ningeweza kufungiwa mlango. Alishika fremu. Kisha akaniambia jina, ambalo ni lake na sitaliandika hapa, akafungua mlango wote. Alikunywa uji ule akiwa amesimama, kwa haraka, kama mtu aliyesahauliwa na chakula. Alipomaliza akaliona kopo kwapani mwangu.

"Na hilo?"

"La kusukia siagi. Limejaa, nakwenda kulisuka sasa."

"Nipe."

Nikampa. Akaketi kizingitini akalibana kati ya magoti, akaanza, na lo, yule mwanamke alikuwa na hasira! Wanawake wa bombani waligeuka na ndoo zao. Nikawatazama mpaka wakapata pengine pa kutazama.

Binti yangu akanivuta dera. "Mama," akanong'ona, "si ulisema mwenye hasira hasuki?"

"Nilisema," nikamwambia. "Lete kitambaa. Na maji mengi."